Hakumuuliza Hali, Alimuuliza Supu

“Umemaliza supu?”

Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma ya Jirani, mkono begani kwake, macho kwenye bakuli. Nje upepo wa Saddle Hut, banda la pili la kulala wapanda Mlima Meru, ulikuwa unapiga kuta, na humo ndani kila mtu alikuwa amevaa alichonacho: jaketi juu ya jaketi, boshori hadi kwenye nyusi.

“Nimemaliza, mzee.”

“Na hii iliyobaki ni ya nani?”

Supu ya maboga ilikuwa imejaa nusu ya bakuli na imeshaota utando. Jirani akacheka, akachukua kijiko, akakizungusha humo bila kukipeleka mdomoni. Mzee hakuondoka.

“Tangu tufike hapa umekojoa mara ngapi?”

Meza nzima tukaangua kicheko. Mhasibu akasema swali hilo lingefaa kupelekwa kwenye kikao cha ukoo. Mzee akasubiri tumalize kucheka, akauliza tena kwa sauti ileile. Jirani akasema mara moja, labda. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda meza ya pili kukagua bakuli za watu wengine.

Muda mfupi kabla ya hapo mimi nilikuwa nimemuuliza Jirani swali ambalo kila mtu huuliza: vipi, unaendeleaje? Akanijibu, poa kabisa kaka.

Mimi namfahamu tangu kidato cha kwanza. Mzee yule alimfahamu tangu jana yake asubuhi, getini Momella.

Tumesharudi Dar, vumbi la Meru limeshatoka kwenye viatu, kila mtu yuko kazini kwake, na bado jambo hili linanizunguka kichwani. Mtu mmoja, jioni moja, na aliyepata jibu la kweli ni mgeni.

## Jedwali la Mhasibu

Wazo lilizaliwa kwenye grupu la WhatsApp, mahali ambapo mawazo mengi huzaliwa na kufia humohumo. Hili halikufa kwa sababu ya Mhasibu.

(Sitataja majina, wenyewe wanajijua. Jirani tulikaa dawati moja sekondari. Mhasibu ni mhasibu kweli. Halafu wapo Maharusi, waliooana mwaka huu na kuamua, sijui kwa ushauri wa nani, kwamba fungate isiyo na baridi haijakamilika.)

Mhasibu alifungua jedwali, akaweka tarehe za kuchanga, na kila mwisho wa mwezi akawa anatukumbusha bila haya. Nauli ya basi. Ada za hifadhi. Malipo ya mwongozaji na msaidizi wake, mpishi, na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, na ukishaona mzigo unavyopanda kichwani mwao huna la kubisha. Kukodi majaketi na mifuko ya kulalia pale Arusha. Ada anayolipa Mtanzania kuingia hifadhini ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, lakini mlima haupandwi kwa ada peke yake. Tukapanga kwenda kipindi cha Nanenane, kila mtu akaomba siku za ziada kazini kwake. Ratiba iliyozoeleka ya siku nne tukaifanya siku tatu kwa kuukata usiku wa kushukia, maana usiku huo nao ulikuwa na bei yake kwenye jedwali.

Jedwali hilo lina sehemu yake kubwa huko mbele.

Kuna pia hesabu nyingine, ambayo Mhasibu hakuiweka. Dar ni usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Miriakamba, banda la kwanza, ni mita 2,514. Saddle ni mita 3,570. Kilele ni mita 4,566. Wengine huandika 4,562, sitagombana na mtu kwa mita nne. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Meru haijali ushauri huo. Kati ya banda la kwanza na la pili unapanda zaidi ya mita elfu moja kwa siku moja, kwa sababu katikati hakuna pa kulala.

Kwa hiyo ukitoka Dar kwa basi, ukapanda Meru kwa mwendo wa kawaida wa watu, usiku wa kilele unakukuta ukiwa na mwili ambao juzi tu ulikuwa unakunywa madafu baharini.

Siku ya kwanza nitairuka. Twiga, nyati, askari wa hifadhi na bunduki yake, ule mkuyu wenye tao ambao gari hupita katikati yake, mbega juu ya mitarakwa. Wenye blogu za picha wamezimaliza habari hizo vizuri kuliko mimi.

## Mwenye pumzi kuliko wote

Jirani ndiye aliyekuwa fiti kati yetu. Alfajiri, sisi wengine tukiwa bado tunabishana na kengele ya simu, yeye anakimbia Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi. Siku ya pili, kwenye zile ngazi za mbao zisizokwisha kutoka Miriakamba, alikuwa mbele yetu muda wote. Tulipofika Mgongo wa Tembo tukihema, tulimkuta ameshapumzika, anapiga picha. Mchana baada ya kufika Saddle tukatolewa kwenda Meru Ndogo, mita 3,820, ili mwili uonje kimo kisha urudi chini kulala. Jirani alipanda na kushuka wakati Bwana Harusi bado anatafuta glavu.

Kama mngeniambia nitabiri nani atashindwa, ningejitaja mimi kwanza, halafu Mhasibu na kitambi chake.

Lakini kuzoea kimo hakuhusiani na ukakamavu wa miguu. Huko juu hewa ina oksijeni kwa asilimia ileile 21 ya Kariakoo, kinachopungua ni shinikizo la hewa. Saddle, kila pumzi inaingiza kama theluthi mbili ya oksijeni ambayo ungeipata Dar. Kileleni inabaki zaidi kidogo ya nusu. Mwili unajua kujirekebisha, kwa kupumua haraka zaidi, kwa figo kukojoa zaidi, na baadaye kwa kuongeza damu, ila unataka siku zake na hauharakishwi na mazoezi. Mkimbiaji ana balaa la peke yake: anafika juu mapema, mwili ukiwa bado uko chini.

Ndiyo maana Mzee aliuliza habari za mkojo. Hakuwa anatutania.

Kichwa cha Jirani kilikuwa kimeanza kuuma mchana uleule, wakati wa chai na bisi. Alikunywa panadol mbili akiwa msalani ili tusimwone. Hilo tulilijua baadaye. Wakati ule tulichoona ni mtu anayecheka, aliyeacha supu.

## Mstari kwenye majivu

Tuliamshwa usiku wa manane, tukanywa chai na biskuti kwa lazima, na saa saba hivi tukaanza kupanda kwa mstari, askari mbele, tochi za kichwani zikimulika visigino vya aliye mbele yako. Hakuna mazungumzo. Unasikia fimbo, mawe, na pumzi za watu.

Pale Rhino Point tukasimama kunywa maji. Ni mahali pazuri pa kusimama, kwa sababu mbele yake njia inashuka kidogo, kisha inapita ubavuni mwa mwamba wenye minyororo ya kushikia. Mzee alikwenda moja kwa moja kwa Jirani.

“Kaka, hebu nitembelee hapa.”

Akachora mstari ardhini kwa ncha ya fimbo, mita chache tu. Akamwambia apite juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Jirani akasema ana usingizi tu. Mzee akamwita Bwana Harusi atangulie. Akapita, akayumba kidogo kwa ajili ya viatu vizito, akafika. Nadhani alimwita ili Jirani asijione amesimamishwa peke yake mahakamani.

Zamu ya Jirani. Hatua mbili zikakaa. Ya tatu ikatoka nje ya mstari, na ya nne ikaenda kuitafuta ya tatu. Msaidizi alikuwa ameshamshika kiwiko kabla sisi hatujaelewa tunaangalia nini.

Hapo Mzee akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote.

“Kichwa kinauma tangu saa ngapi?”

Hakuuliza kama kinauma. Maumivu alishayapokea, akataka saa tu.

“Tangu chai,” Jirani akasema.

Kwa urahisi huo. Kitu alichokificha kwetu mchana kutwa na nusu ya usiku kilitoka kwa maneno mawili.

Mzee alitueleza sote kwa kifupi, bila kupandisha sauti. Kichwa kuuma peke yake, mtu anaweza kupumzika palepale alipo na kuangaliwa. Mtu aliyepoteza mizani hasubiriwi, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba ubongo unaweza kuwa unavimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Jirani akaomba dakika kumi. Akaomba tena tano. Akasema amechanga kama wenzake.

“Mlima utakuwepo,” Mzee akamwambia. “Unashuka sasa hivi.”

Msaidizi alianza kumfunga vizuri kola ya jaketi. Sisi tulikuwa kimya, na kimya chetu naweza kukueleza kilikuwa na nini ndani yake: kila mmoja alikuwa anapiga hesabu. Msaidizi anatosha kumshusha. Lakini ataachwa ashuke na mtu asiyemjua?

“Nakwenda naye,” Mhasibu akasema. “Magoti yangu yenyewe yamegoma tangu kule chini.”

## Magoti ya Mhasibu

Magoti ya Mhasibu hayakuwa na tatizo lolote.

Njia nzima hadi Rhino Point alikuwa nyuma yangu, hatua zake nazisikia, hakusimama hata pale niliposimama mimi. Na mchana wake, kwenye njia ya kushuka hadi getini ambayo huvunja miguu ya watu wazima na akili zao, alitembea mbele akipiga mluzi.

Nilimuuliza tulipokuwa peke yetu. Akanitazama kama vile namdai risiti.

“Yule asingekubali kushuka na mtu aliyejitolea kwa ajili yake. Angebisha mpaka kuche. Akashuka na mgonjwa mwenzake.”

Walifika Saddle, wakachukua askari mwingine aliyekuwapo bandani, na usiku uleule wakaendelea hadi Miriakamba. Jirani anasema kichwa kilianza kumwachia njiani, ngazi kwa ngazi, na walipofika aliomba uji. Mhasibu anasema njia nzima walizungumzia mpira, na kwamba alilazimika kuchechemea alipokumbuka kwamba ana magoti.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipokwama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimerudi mjini na hoja safi kabisa kichwani: sisi tunafichana, kufichana kunaua, tuache. Nilikuwa hata nimeanza kuiandika. Halafu yanakuja magoti haya. Mhasibu naye alificha. Aliwadanganya watu wanne mbele ya askari mwenye bunduki, na uongo wake ndio uliomshusha rafiki yetu kwa amani. Kama angesema ukweli, kwamba mimi ni mzima ila nakuonea huruma, tungekuwa tunabishana pale Rhino Point huku ubongo wa mtu unavimba.

Uongo wa Jirani na wa Mhasibu umetoka kwenye chungu kimoja. Wote wawili walikuwa wanatunza hali ya wenzao. Siwezi kuulaani mmoja na kuusifu mwingine kwa sababu tu ya jinsi ulivyoishia.

Hoja yangu safi ikabidi niifute.

## Watatu kati ya watano

Tuliobaki tulifika. Minyororo tuliishika, majivu tuliyapanda hatua moja mbele nusu nyuma, kushoto kwetu kreta, lile shimo la volkano, ikiwa giza tupu ambalo sikutaka kulimulika. Baada ya Cobra Point ni mawe na ubishi tu kati yako na mapafu yako. Kulipopambazuka Kilimanjaro ilijitokeza mashariki juu ya mawingu, na chini yetu, ndani ya kreta, ikaonekana ile koni ya majivu, kumbukumbu ya mlima ambao ulitoa majivu mwaka 1910 na sasa unatulia, au unajifanya kutulia.

Kilele kinaitwa Socialist Peak, jina la zama za Ujamaa. Tulikifikia watatu kati ya watano. Bi Harusi aliona kichekesho hicho kabla yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

Picha ninayo. Nilifurahi sana, na sitajifanya kwamba kileleni nilikuwa na huzuni kwa sababu ya wawili walioshuka. Niliwakumbuka, ndiyo. Lakini furaha ilikuwapo, kubwa, na ilikuwa yangu.

## Kama mbuzi mnadani

Wakati wa kushuka nilimkamata Mzee kwa maneno. Ni mtu wa palepale, amekulia chini ya Meru; ana yale meno ya kahawia ambayo wengi huko wanayo kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi. Nikamuuliza alijuaje.

Alianza na supu. Akasema mtu mwenye njaa ya mlima hula hata asichokipenda, na mtu ambaye mlima umemshika hukizungusha chakula. Halafu alimwona Jirani akikaa kwenye ngazi za banda kufunga kamba za viatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Usiku alimweka wa tatu kwenye mstari ili amsikie anavyokanyaga.

“Wageni hunieleza kila kitu, hata ambacho sijauliza,” akasema. “Nyie wa kwetu lazima niwachunguze kama mbuzi mnadani. Mbuzi naye huwezi kumuuliza hali.”

Tulicheka, na kwa siku kadhaa nilikuwa naisimulia kila mahali. Sasa naona Mzee aliwapendelea wageni kidogo. Mtu aliyevuka bahari, aliyelipa dola nyingi na kuwaaga watu wote ofisini kwake kwamba anakwenda kupanda mlima Afrika, naye ana sababu tele za kukizungusha chakula kimyakimya. Sidhani kama kufichana ni mali ya taifa lolote.

Ila namna yetu ya kuficha ipo, na naijua kwa sababu nimekulia ndani yake.

Mama yangu aliwahi kupokea simu ya shemeji yake akiwa amelazwa, dripu mkononi. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Kazi? Tunashukuru. Wakazunguka ukoo mzima, mpaka ng’ombe wakaulizwa. Mwisho kabisa ndipo mama aliposema: ila mimi hapa wamenilaza tangu jana. Hakukuwa na udanganyifu wowote. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba habari yenyewe huja baada ya habari, na shemeji alikuwa ameshakaa mkao wa kuisubiri.

Nikawaza, labda ndiyo shida ya kule juu. Pumzi ni fupi. Unatoa “poa” na hewa imekwisha, sehemu ya pili ya salamu haifiki kamwe.

Nililipenda sana wazo hilo kwa siku mbili tatu. Baadaye likaanguka lenyewe. Jirani alikuwa na jioni nzima bandani, ameketi, chai mkononi, pumzi zinamtosha kutusimulia mambo ya ofisini kwao. Nafasi ya kusema ilikuwapo. Hakuitumia.

## Alichonijibu

Mwishowe nilimuuliza mwenyewe. Tulikuwa tumekaa kwake nje, wanawe wanatuzunguka na baiskeli, na nilichagua maneno kwa uangalifu, maana mtu aliyeshushwa mlimani hutaniwa sana na hachelewi kudhani na hilo ni utani.

Mbona hukuniambia mimi?

Hakukasirika. Alilifikiria swali kwa muda.

“Ningekuambia, ungefanya nini?”

Nikasema ningemwambia Mzee.

“Hapana. Ungesema turudi wote.”

Nikanyamaza, kwa sababu huenda ni kweli.

“Au mngeanza kukaa kikao,” akaendelea. “Nani abaki na mimi, nani aende, Maharusi wamegharamia nini, Mhasibu atafanyaje na hela ya watu. Ningekuwa nimeharibu safari ya watu watano kwa kichwa kuuma. Mzee nikimwambia, narudi mimi. Basi.”

Nimekaa na jibu hili muda mrefu kuliko nilivyokaa na mlima wenyewe.

Nilikuwa nimedhani ukaribu ndio unaorahisisha kusema. Kwa Jirani ukaribu ndio uliokuwa unapandisha bei. Akimwambia mgeni, maumivu yanabaki yake. Akimwambia rafiki, yanakuwa ya wote, yanaingia kwenye jedwali, yanagusa miezi ya kuchanga na ruhusa za kazini na fungate ya watu. Sisi ni watu wa michango: harusi tunachanga, msiba tunachanga, mtoto akifaulu tunachanga. Ni jambo jema mno, nimesomeshwa nalo. Lakini kitu mlichokichangia wote ni kigumu kujitoa peke yako, hata kama kinakuua. Kujitoa kunasikika kama umeiba.

Ndiyo maana swali la Mzee lilifanya kazi. Saa ngapi, mara ngapi, bakuli la nani. Ni maswali yasiyomwomba mtu atamke kwamba yeye ndiye tatizo. Unataja saa, mengine anayabeba mwenye kuuliza.

Na ndiyo maana, nadhani, magoti ya Mhasibu nayo yalifanya kazi. Yaligawa gharama kabla haijatajwa.

Bado kuna kitu hakijanikaa sawa. Njia ya Mzee inamtaka mzee wa namna ile, aliyekwishaona watu wengi wakizungusha supu. Huku mjini hatuna mtu wa kupita mezani jioni. Tuna sisi kwa sisi, na vipi, na poa. Nimejaribu kumuuliza mke wangu “umekula nini mchana” kwa sauti ya Mzee, akataka kujua nimesikia nini na kutoka kwa nani.

## Safu mpya

Jirani anataka kurudi Meru. Safari hii kwa utaratibu wake: kulala Saddle mara mbili kabla ya kilele, liwalo na liwe, na ule usiku wa kushukia turudishiwe. Amesema tukikataa atakwenda na watu wa klabu yake ya kukimbia, tishio ambalo limetuumiza.

Niliandika kwenye grupu kwamba nakubali kwa sharti moja. Jedwali liwe na safu mpya: hela ya kumshusha mtu. Gari la kumtoa Momella, bahasha ya msaidizi, mahali pa kulala Arusha kwa yeye na atakayefuatana naye. Ichangwe mwanzo kabisa, kabla ya nauli, na ihesabiwe kwamba imeshatumika.

Bi Harusi aliunga mkono akauliza kama isipotumika inaweza kugeuka nyama choma. Mhasibu akasema hela haigeuki, hubadilishiwa fungu kwa idhini. Bwana Harusi ndiye aliyepinga, na hoja yake si ya kipuuzi. Alisema mtu akijua kushuka kumeshalipiwa, atashuka mapema. Kichwa kikimgonga kidogo tu atasema haya, nirudisheni, hela si ipo. Tutajikuta tunachangia safari za kuishia nusu njia.

Jirani alikuwa anaandika kwa muda mrefu, yale maandishi ya “anaandika” yakitokea na kupotea. Kilichokuja kilikuwa kifupi.

“Mimi nilishuka kwa hela ya nani?”

Hakuna aliyejibu, kwa sababu sote tulijua. Mhasibu alikuwa amelipa kutoka mfukoni mwake, na kwenye hesabu za mwisho alizotutumia haikuwamo hata shilingi moja ya usiku ule.

Kesho yake alituma jedwali jipya. Safu ipo, ya pili kutoka kushoto. Mchango wa kwanza ni tarehe 30, na Bwana Harusi bado hajalipa.